Vipande tisa vya karatasi na mraba wa Mermin na Peres

Nilipoanza kusoma jinsi nadharia ya makundi (tawi la hisabati linalochunguza vitu vinavyozidishwa kwa kanuni maalumu) inavyotumika kueleza mahusiano ya kwanta, nilikwama kwenye mfano ambao vitabu huupitia haraka, yaani mraba uliobuniwa na wanafizikia Mermin na Peres mwaka 1990. Mraba huo una visanduku tisa, na kila kimoja hujazwa 1 au −1, kwa sharti kwamba zao la kila safu mlalo na kila safu wima liwe 1, isipokuwa safu wima ya tatu, ambayo zao lake ni −1. Kwa namba za kawaida haiwezekani: ukizidisha zote tisa kwa kufuata safu mlalo utapata 1, na ukifuata safu wima utapata −1.

Hata hivyo, matriksi za Pauli (majedwali madogo ya namba yaitwayo X, Y, Z na I, hapa yakiunganishwa mawili mawili) huujaza bila kasoro. Nilihakiki safu zote sita kwa mkono, zikakubali, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, kwa sababu sikuona ile hoja ya kutowezekana ilikuwa imevunjikia wapi.

Kilichonisaidia ni vipande vya karatasi. Niliandika matriksi moja kwenye kila kipande, nikavipanga mezani kwa mfuatano wa safu mlalo, kisha nikaanza kuvisogeza, kimoja kikipishana na jirani yake, hadi vikafuata safu wima. Matriksi zilizo katika safu moja hupishana bila kudhuru jibu, lakini zisizo katika safu moja, kama XI na ZI (herufi ya kwanza ni ya chembe ya kwanza, ya pili ni ya chembe ya pili, na I haibadilishi kitu), kila zikipishana huacha alama ya hasi. Vilipishana mara 9, zote za aina hiyo ya pili, na kwa kuwa 9 ni witiri, 1 ikageuka −1. (Mara ya kwanza nilihesabu 8, nikaharibu jioni nzima.)

Baada ya hapo makala ya Cleve, Liu na Slofstra ya mwaka 2017 yalisomeka. Wao huunda kundi lenye kizalishi kimoja (kipengele cha msingi ambacho vingine hujengwa kutokana nacho) kwa kila kisanduku, pamoja na J inayoshika nafasi ya −1, na masharti ya mraba ndiyo kanuni za kundi. Mraba huugeuzwa mchezo: mchezaji mmoja hujaza safu mlalo na mwingine safu wima, na hushinda wakitimiza masharti na kukubaliana kwenye kisanduku cha pamoja. Swali la iwapo wachezaji wawili wasiowasiliana, wenye chembe zilizofungamana (zenye uhusiano wa kwanta), wanaweza kushinda kila mara, linabaki hili tu: je, J ni sawa na 1? Isipokuwa sawa, wanaweza. Wasio na chembe hizo hawavuki uwezekano wa 8/9 wa kushinda.

Nimejaribu mifumo miwili ya masharti kama haya, mikubwa kuliko mraba, bila kupata jibu. Slofstra amethibitisha kwamba hakuna algoriti inayoweza kulijibu swali la J kwa kila mfumo, lakini mifumo yangu ni midogo mno kwangu kutumia hilo kama kisingizio.