Jinsi nilivyopata mikataba ya uchambuzi wa biashara soko likiwa limelala

Mkataba wangu na benki uliisha, na kwa miezi mitano nikatuma wasifu kila pembe ya Nairobi. Kimya. Neno "mchambuzi wa biashara" halikumwambia mwenye duka nitamfanyia nini.

Nikaacha kunadi cheo, nikatafuta tatizo linalouma. Tangu Januari 2024, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikubali katika hesabu ya kodi gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na maduka mengi bado yalikuwa yanahangaika na mfumo huo.

Nilimwendea mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, nikaomba siku mbili za kukaa na watu wake. Nikafuata ankara moja tangu oda hadi malipo: karani wa mauzo, stoo, dereva, ofisi ya hesabu. Programu ya ankara haikuwa na kasoro. Mteja akirudisha mabati, dereva alimwambia karani kwa mdomo tu. Hati ya kupunguza ankara haikutolewa, na duka likaendelea kulipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mali iliyokwisha rudi stoo. Nikachora safari yote kwenye karatasi moja, pa kuvuja nikapaka nyekundu.

"Dada, hapa ndipo tunapoumia kila mwezi," akasema mhasibu.

Nikapata mkataba wa wiki tatu, nusu ya malipo mbele. Mhasibu huyo anashika vitabu vya maduka mengine mawili, na moja likaniita mwezi uliofuata. Sasa huwatafuta wahasibu kwanza, matangazo ya kazi baadaye.