Nilivyoipima seti ya CD sita za PS4 nikiwa nacheza peke yangu bila mtandao

Juni 2024, siku chache baada ya kufunga shule, niliingia WhatsApp nikakuta picha iliyochukua dakika kama tano kufunguka. CD sita za PS4, ile mashine ya magemu ya kwenye televisheni, zimepangwa juu ya kaunta, kasha kwa kasha. Chini yake ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Seti nzima 210,000. Nimeanza na wewe kabla sijaipandisha status."

Aliyetuma ni kijana niliyemfundisha hadi kidato cha nne, sasa anafanya kazi kwenye duka la magemu jijini Mwanza. Anajua ninavyoishi. Nafundisha kijijini, ndani ya kisiwa cha Ukerewe. Umeme upo, ila mtandao ni wa kubahatisha, na jioni simu huonyesha herufi E tu, hata sauti ya WhatsApp haishuki. PS4 yangu haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu niinunue. Nacheza usiku, peke yangu, nikishamaliza kusahihisha madaftari.

Pengine angekuwa mwingine angelipa palepale, maana 210,000 kwa CD sita ni kama 35,000 kila moja, bei ambayo hata kwa zilizotumika si rahisi kuipata. Mimi nilisita, na sababu ninayo.

Mwaka 2022 nilinunua kasha lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna magemu matatu. Nililitoa kwenye duka lingine kabisa, nikavuka nalo ziwa nikiwa na furaha ya mtoto. Nilipolifungua nyumbani nikakuta CD moja na kikaratasi chenye namba za siri. CD ilikuwa na gemu la kwanza tu. Mengine mawili yalitakiwa kupakuliwa kwa namba zile, na aliyekuwa nalo kabla yangu alikwisha kuzitumia. Hata kama zingekuwa nzima, mashine ilitaka zaidi ya GB 30. Kwa bando nililokuwa nanunua wakati huo, GB moja kwa shilingi 2,000 na ushee, kuyashusha kungenigharimu kuliko nilivyolipia kasha lenyewe. Iliniuma sana, kwa sababu pesa ile niliiweka kidogokidogo kwa miezi miwili.

Tangu hapo nikawa siulizi tena "ni magemu mangapi?" Naanza na swali jingine: ndani ya CD kuna nini, na gemu hili linamhitaji nani mwingine ili lifunguke?

Kuna kosa ambalo hata wauzaji wazuri hulifanya, na huyu kijana wangu alilifanya pia. Nilipomwambia nataka ya kucheza peke yangu, alijibu kwa uhakika, "Yote yana stori, mwalimu, utacheza mwenyewe." Ni kweli yote yana stori. Lakini kucheza mwenyewe ni jambo moja, na kucheza bila mtandao ni jambo jingine. Lipo gemu ambalo huoni mtu mwingine yeyote ndani yake na bado linapiga hodi kwenye seva, yaani kompyuta za watengenezaji zilizo mbali, kila unapoliwasha. Seva isipoitika, unabaki mlangoni.

Kwa hiyo nilimwomba anipe siku tatu. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Nansio, ambako mtandao ni mzuri, nikakaa mgahawani na daftari nikasoma habari za gemu mojamoja.

Niliyoanza nayo, kwa kuwa ndiyo iliyonivutia kwenye picha, ilikuwa Uncharted: The Nathan Drake Collection ya mwaka 2015. Hii yenyewe ni seti ndani ya seti: ina magemu matatu ya kwanza ya Uncharted, yaliyotoka kwenye PS3, mashine iliyotangulia PS4, mwaka 2007, 2009 na 2011, yakatengenezwa upya kwa PS4 na studio ya Bluepoint. Yote matatu yamo kwenye CD moja. La pili na la tatu, yalipokuwa PS3, yalikuwa na upande wa kushindana na watu mtandaoni. Kwenye mkusanyiko huu upande huo uliondolewa wote, na wapo waliolalamika. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hakuna nusu ya gemu iliyofungwa ambayo nimeilipia na sitaiona kamwe. Kasha la zamani liliwahi kutangaza pia nafasi ya kujaribu Uncharted 4 mtandaoni. Majaribio hayo yalikwisha mwaka huohuo wa 2015, kwa hiyo sikuyahesabu kitu.

The Last of Us Remastered haikunisumbua. Stori yote imo, na simulizi ya nyongeza ya Left Behind imo kwenye CD hiyohiyo. Upande wa Factions ni wa watu wa mtandao, nikaukata kichwani mwangu kama haupo, na bado kilichobaki kinatosha bei yake.

Diablo III nilikaribia kuitupa. Nilikuwa nimesikia miaka mingi kwamba haiendi bila intaneti. Nilichogundua pale Nansio ni kwamba hilo ni kweli kwa kompyuta: tangu ilipotoka mwaka 2012, wa kompyuta lazima awe ameunganishwa hata akicheza peke yake. Lakini matoleo ya PlayStation na Xbox yanachezwa bila mtandao. Kasha la kwenye picha lilikuwa Reaper of Souls – Ultimate Evil Edition, lenye gemu lenyewe pamoja na nyongeza yake kwenye CD moja. Zaidi ya hapo, watu hadi wanne wanaweza kucheza kwenye televisheni moja wakiwa na pedi zao za kuchezea. Ndipo nilipojifunza kwamba jina la gemu peke yake halitoshi, lazima uulize ni la mashine gani. Unaweza kusoma malalamiko ya kweli kabisa, lakini yakawa hayakuhusu.

FIFA 23, gemu la mpira wa miguu, niliipa nusu ya heshima. Career Mode, upande wa kuongoza timu au mchezaji msimu kwa msimu, inakwenda bila mtandao, na ndiyo ninayoipenda. Ultimate Team, ya kujenga kikosi chako na kushindana mtandaoni, haiendi. Vikosi pia hubaki vilevile vilivyochapwa kwenye CD: Cristiano Ronaldo bado yuko Manchester United, ingawa aliondoka Novemba 2022. Asiyekuwa na mtandao hatapata kikosi kipya hata kimoja. Kwa mtu anayetaka ligi ilivyo wiki hii, hilo ni tatizo kubwa. Kwangu si tatizo.

Zikabaki mbili, na hizo ndizo zilizonifanya nikae mgahawani hadi chai ikapoa.

The Crew ni gemu la magari lililotoka Desemba 2014, lenye ramani ya Marekani nzima iliyofupishwa, unaendesha kutoka pwani hadi pwani. Unaweza kuliendesha peke yako saa nzima bila kugusana na mtu. Hata hivyo liliundwa kutegemea seva za kampuni yake, Ubisoft, muda wote, na seva hizo zilizimwa tarehe 31 Machi 2024. Kwa hiyo CD ile kwenye picha, nzima, isiyo na mchubuko, ilikuwa imekufa kwa kila mtu duniani, mwenye mtandao na asiye nao. Sikumlaumu kijana. Kwenye kasha hakuna mahali panapokwambia seva imezimwa. Lakini lilinitia uchungu wa kweli, kwamba kitu mtu alichokinunua kwa pesa yake kinaweza kuzimwa kutoka mbali namna hiyo. Gran Turismo Sport, gemu jingine la magari, ilifungiwa huduma zake miezi miwili kabla, Januari 2024, na watengenezaji wake walau waliacha apdeti, yaani marekebisho ya kupakua, ya kuifanya ichezeke bila mtandao. Walifanya vizuri. Ila apdeti hiyo haimo kwenye CD, kwa hiyo mtu wa hali yangu akiikuta dukani bado lazima atafute intaneti walau mara moja.

HITMAN, ile iliyoanza kutolewa vipande vipande mwaka 2016, nilikuwa naitaka kwa moyo wote. Ramani za Paris, Sapienza na Marrakesh nilikuwa nimezitazama kwenye video. Ni ya mtu mmoja kabisa. Bila mtandao misheni zinafunguka na unazicheza. Tatizo ni kwamba utamu wa gemu hili uko kwenye kurudia: unamaliza misheni, unatimiza changamoto, unafunguliwa mahali papya pa kuanzia na vifaa vipya, kisha unarudi kwa njia nyingine. Bila seva hayo hayahesabiwi. Kila ukirudi, unaanza kwa mlango uleule na vifaa vilevile, na ukipata mtandao baadaye, ulichokihifadhi nje ya mtandao hakiendelei huko. Anayetaka kupita kila ramani mara moja na kuridhika, ainunue. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikaikata, kwa kusitasita.

Karatasi haikunitosha. Nilimpigia kijana nikamwomba jambo moja ambalo ningemshauri kila mnunuzi wa mbali aliombe. Aingie Settings, kisha Network, aondoe alama kwenye kuunganisha intaneti. Halafu aifute data ya gemu kama imo tayari kwenye mashine ya duka, aweke CD, aiache ipakie, na aanze gemu jipya hadi afike mahali pa kushika pedi na kumwongoza mhusika. Kuona picha ya mwanzo yenye jina la gemu hakutoshi, maana magemu mengine yanakuonyesha hapo kisha yanakuambia subiri, zilizobaki zinapakuliwa.

"Mwalimu, zote nne?"

"Zote nne, mwanangu. Nitakuongezea ya soda."

Alifanya usiku wa siku hiyo baada ya kufunga duka, akanitumia video fupi, na zote nne zikafika. Nathan Drake Collection alinionyesha hadi orodha ya magemu matatu, akaingia la kwanza na la tatu.

Nilimwomba pia apige picha nyuma ya makasha. Naangalia nafasi inayotakiwa na idadi ya CD, kwa sababu CD ya PS4 mwisho wake ni GB 50. Gemu likitaka 100 na ndani kuna CD mbili, kama The Last of Us Part II, moyo unatulia. Likitaka 100 na CD ni moja, nauliza zilizobaki zinatoka wapi.

Ikabaki bei. Nilimwuliza gharama ya kila moja akiniuzia pekee. Nathan Drake 45,000, The Last of Us 40,000, Diablo 40,000, FIFA 50,000. Jumla 175,000. HITMAN 35,000 na The Crew 25,000. Kwa hesabu ya duka, seti ilikuwa inaniokolea 25,000 kati ya 235,000. Kwa hesabu yangu, ambayo kila nisichoweza kukicheza ni sifuri, seti ilikuwa inanipotezea 35,000. Nilimwandikia hesabu hiyohiyo, na nikamweleza ya The Crew ili asije kumuuzia mtu mwingine bila kujua. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hiyo naitoa dukani kesho. Zako nne leta 165,000, mwalimu." Nikalipa kwa simu.

Kabla hajafunga mzigo alinipa wazo jingine, kwa nia njema: akaunti yenye magemu kumi yaliyokwisha kulipiwa, kwa 60,000 tu. Nilikataa. Magemu ya akaunti yanachezeka nje ya mtandao endapo PS4 yako ndiyo iliyowekwa kuwa mashine kuu ya akaunti hiyo. Aliyekuuzia akihamishia haki hiyo kwingine, siku utakapounganisha unakuta alama ya kufuli kwenye kila gemu, na tangu mwanzo ungepaswa kuyapakua yote. CD haina mwenyewe mwingine zaidi ya aliyeishika.

Mzigo ulikuja na meli ya Nansio, umefungwa kwenye kitambaa ndani ya boksi la viatu. Niliziweka moja baada ya nyingine, ingawa mashine yangu ya GB 500 inabakiza zaidi kidogo ya 400 za kutumia, nikalazimika kufuta magemu mawili ya zamani. Maendeleo yangu niliyohifadhi ndani ya magemu hayo nilikwisha kuyanakili kwenye flashi, kwa kuwa hifadhi ya mtandaoni siwezi kuitegemea.

Uncharted la kwanza nilimaliza kabla shule hazijafunguliwa. La pili lilinichukua Agosti yote, kwa ule mwendo wa garimoshi na milima ya theluji nilioucheza mara tatu. La tatu linaanzia kwenye baa moja jijini London, na ndipo nilipo sasa, nalicheza polepole kwa makusudi. Ijumaa mwalimu mwenzangu wa Hisabati huja kwa ajili ya Diablo. Tunapokezana pedi moja, na kila mmoja anachukia kumwachia mwenzake. Jana nimemwandikia kijana wangu anitafutie pedi ya pili, ya asili, na kabla hajaituma aijaribu kila kitufe.