Nilivyojifunza kuwatofautisha nyigu wa rangi ya chungwa kihambani

Hapa Kibosho, Moshi, mdudu yeyote wa rangi ya chungwa mwenye kiuno chembamba ni nyigu, na dawa ya nyigu ni moto. Mimi nilitaka kujua ninayetaka kumchoma ni nani, maana kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kina kahawa na mboga, na viwavi hawatupumzishi.

Nilianza kuwapiga picha kwa simu asubuhi mapema, baridi ikiwa bado imewalegeza. Rangi haikunipeleka popote. Kilichonifungua macho ni mabawa. Wale wa chini ya kenchi, jamii ya Belonogaster, wakitua hukunja kila bawa kwa urefu, likabaki jembamba sana. Kiota chao ni cha karatasi, kiko wazi, vyumba vyote unaviona ukisimama chini yake. Karatasi yenyewe wanaitengeneza kwa mbao: kaa karibu na nguzo kuukuu ya uzio utamwona mmoja akikwangua huku akirudi nyuma, anaacha mstari mweupe kwenye mti. Hao ndio wanaotetea kiota chao kwa pamoja.

Nyigu mfinyanzi naye hukunja mabawa vilevile, ila anaishi peke yake. Hujenga kichungu cha udongo ukutani, hutundika yai ndani kwa uzi, kisha hukijaza viwavi aliowapoozesha kwa sumu na kukiziba. Nampenda sana huyu.

Wa usiku, anayezunguka balbu ya barazani, hakunji mabawa. Tumbo lake limebanwa ubavuni na kupinda kama mundu, na vipapasio vyake virefu havitulii. Huyu hutaga mayai kwenye viwavi walio hai. Usimshike tu, anaweza kudunga.

Ukiona mweusi mwenye mabawa ya chungwa anakimbia ardhini huku akiyatikisa, huyo ni mwindaji wa buibui. Buibui mmoja humtosha mtoto mmoja. Mpishe njia, sumu yake inauma vibaya mno.

Mama alipoleta mwenge wa majani makavu ya mgomba, nilimwambia, “Mama, huyu wa udongo mwache, anatuulia viwavi.” Akainama, akakitazama kichungu kwa muda mrefu. “Haya mwanangu, na hao wa mlangoni?” Hao wa juu ya mlango wa jikoni, watoto wanapopita, tuliwaondoa usiku uleule. Wa kwenye mparachichi bado wapo.