Pazia la elfu 12
Juzi niliamka alfajiri kuwahi soko la mitumba la Karume, pale Ilala, mabelo ya nguo yakifunguliwa. Ukichelewa unakuta wenye maduka wameshachagua zile kali, wewe unabaki kufukunyua makombo.

Nilifuata shuka tu jamani! Nikavuta ncha ya kitambaa cha kijani chini ya lundo, kikaja, kikaja, hakiishi. Kumbe pazia, refu, zito, lina bitana kabisa. Kijana akaanza na elfu 25. Nikamwambia, "Kaka angu, lina doa la kutu hapa, halafu liko peke yake, mwenzake yuko wapi?" Tukamalizana elfu 12. (Doa lenyewe kama punje ya mchele, msimwambie.)

Nikaliloweka usiku kucha kwa sabuni ya unga na siki kidogo, maana ile harufu ya mtumba mnaijua. Asubuhi maji yametoka kama chai ya rangi. Leo fundi cherehani wa hapa mtaani kalikata mapande mawili, yanaenea dirisha zima la sebuleni, na mabaki kanishonea foronya mbili za mito ya kochi. Elfu 4 tu.

Baba watoto karudi jioni, kasimama mlangoni na viatu mkononi: "Leo tuna wageni?"

Kitinda mimba wangu kajificha nyuma ya pazia tangu saa kumi. Vidole vya miguu vinaonekana, kicheko kinasikika, na sote tumeamriwa tumtafute. Uji wake umeshapoa mezani.