Nota nne za Kim Deal

Mwezi huu wote besi yangu imekuwa na kazi moja: "Where Is My Mind?" ya Pixies, ile bendi ya Boston. Wengi waliujua wimbo huu kupitia filamu ya Fight Club ya mwaka 1999, pale mwishoni majengo yanapoporomoka, lakini wenyewe ni wa zamani zaidi. Umo kwenye albamu ya Surfer Rosa iliyotoka 1988. Mimi nimeusikiliza miaka mingi kwenye simu, na kumbe miaka yote hiyo besi yake ilikuwa hainifikii. Spika ya simu haina ubavu huo. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi, yaani E ya chini, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na kispika kile huko hakishuki. Kinachobaki ni sauti ya Black Francis, gitaa la Joey Santiago, na ule mwito wa Kim Deal unaoelea nyuma yao.

Kim Deal ndiye aliyekuwa mpiga besi wao. Alijiunga na bendi mwaka 1986 kwa kuitikia tangazo: alitakiwa mpiga besi anayewapenda Hüsker Dü na pia Peter, Paul and Mary, yaani kelele za panki na nyimbo tulivu za gitaa la mbao, vyote kwa mtu mmoja. Yeye alikuwa akipiga gitaa. Besi hakuwa nayo, akaazima ya pacha wake, Kelley. Naipenda sana habari hii, kwa sababu kila nikimsikiliza naisikia humo ndani. Anapiga kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi, nota moja baada ya nyingine, zimenyooka, hakuna mbwembwe. Masikio yangu mimi yamelelewa na muziki wa dansi, ambako besi hutembea, hujibizana na solo, na mpigaji akiona upenyo anaingia. Kumfuata Kim Deal kumenifundisha kukaa.

Nota zenyewe ni nne: E, C#, G#, A. E naichukua kwenye freti ya saba, yaani kigawanyo cha saba cha shingo ya besi, kwenye uzi wa A, kwa kidole cha mwisho. C# iko freti ya nne, uzi uleule, kidole cha kwanza. Kisha navuka kwenda uzi mnene, freti ya nne tena, napata G#, na kidole cha pili kinagusa ya tano: A. Halafu naanza upya. Mkono hausogei kabisa. Sijui wimbo mwingine wenye mkono mtulivu namna hii na moyo unaosukasuka hivi.

Kinachonishughulisha ni ile nota ya tatu. Wimbo ukiwa katika E, kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, inayojengwa juu ya G# kwa kawaida huwa maina, yenye huzuni kidogo, na sikio huingoja hivyo. Pixies wameifanya meja, yenye furaha. Usiku mmoja nilijaribu kuongeza kitu juu ya G#. Nikaanza na B, freti ya pili ya uzi wa A, na wimbo ukalainika mara moja. Ungeweza kuwa wa mapenzi wa bendi yoyote ile. Nikasogea freti moja mbele, basi ardhi ikaondoka chini. Ile hali ya kuelea ikarudi. Black Francis aliwahi kueleza kwamba wazo la wimbo lilitokana na kuogelea kwake kule Karibi, samaki mdogo akimfukuza, na mimi nadhani maji yale yote yamejificha kwenye freti hiyo moja.

Kisha nikaziacha nota zote mbili za nyongeza, nikabaki na G# peke yake. Besi haisemi kama kodi ni ya huzuni au ya furaha. Uamuzi huo uko juu, kwenye gitaa. Besi inashikilia chini, ili gitaa linapotamka jambo ambalo hukulitarajia, liwe na pa kusimama. Kim Deal angeipamba nota ile, siri ingevuja mapema. Sasa nikiifikia siiharakishi. Naiacha itimize urefu wake wote, naikata pale tu A inapoingia.

Chumba changu ni cha kupanga na kuta ni nyembamba, kwa hiyo usiku napiga bila amplifaya. Nimegundua kwamba pembe ya besi ikiegemezwa kwenye mlango wa kabati, mbao zinaitikia na sauti inajaa vizuri. Kishikio cha kabati kinalia kwenye G# tu, nota nyingine kimenyamaza. Hao Pixies nao walirekodi kwa fundi wa sauti Steve Albini, Desemba 1987, na Albini alitaka mwangwi wa kweli, si wa mashine, wakahamishia vifaa chooni mle studio ili kuirekodi sauti ya Kim. Ndiyo maana mwito ule unasikika kama unatoka nyuma ya ukuta. Unatoka nyuma ya ukuta kweli.

Namna yao ya kutulia kwenye beti na kulipuka kwenye kiitikio imewalea wengi. Kurt Cobain wa Nirvana mwenyewe alikiri kwenye jarida la Rolling Stone, mwaka 1994, kwamba alipotunga "Smells Like Teen Spirit" alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies.

Jumamosi napiga na rafiki yangu wa dramu, na nimemwomba tuupige polepole kuliko kwenye rekodi, nisikie kila nota inaishia wapi. Baada ya hapo nahamia "Gigantic", ya albamu ileile, ambayo Kim Deal aliitunga pamoja na Black Francis na kuiimba mwenyewe. Unaanza na besi peke yake, halafu yeye anaingia kuimba mkono ukiendelea. Nimeshaanza kuhesabu kwa mguu huku nikisema maneno tu, bila kuimba, na mkono wa kulia haujakubali bado. Utakubali.