Kati ya kalamu nyekundu na ubao wa matangazo

Kuanzia Agosti mpaka Novemba, Jumamosi za Mwanza ni za usaili. Watoto wa darasa la saba wanapangwa kwenye madarasa ya sekondari binafsi na seminari, kuanzia Nyegezi mpaka Buswelu na Kisesa, penseli na rula mkononi, wazazi wamekaa chini ya miti wanasubiri. Wanaotafuta nafasi ni wengi kuliko madawati. Majina yakishabandikwa inaanza ile minong'ono ya kila mwaka: huyu kaingiaje, na yule kakosaje?

Ukitaja udanganyifu, wengi wanafikiria mtihani kuvuja, kupiga chabo, au mamluki anayemfanyia mwenzake. Hayo yapo na yana uzito. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta mtihani wa darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Chemba na kwa shule kadhaa za kwingine, Mwanza ikiwemo, na watoto wakarudia. Lakini mtihani wa Taifa angalau una bahasha zilizofungwa, wasimamizi kutoka shule nyingine na namba za watahiniwa. Usaili wa shule mara nyingi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Mwalimu anayetunga ndiye anayesimamia, ndiye anayesahihisha, ndiye anayepanga majina. Ndiyo maana haki ya mtoto hupotelea zaidi baada ya karatasi kukusanywa, na huko ndiko nitakaa kwa muda mrefu.

Niseme kwa kifupi njia ya serikali kwanza. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na anayepata 121 na kuendelea amefaulu. Baada ya hapo TAMISEMI, ofisi inayosimamia shule za serikali, inapanga shule. Shule za vipaji maalumu ni saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Hakuna hata moja iliyo mwambao wa Ziwa. Za ufundi tunazo karibu, kama Bwiru Wavulana hapa Ilemela na Musoma kule Mara. Majina hutoka kwenye tovuti kwa mkoa, halmashauri, kisha shule ya msingi, kwa hiyo mzazi anaweza kuangalia darasa zima la mwanawe limepangwa wapi. Atakayekupigia simu akakuambia ana mtu Dodoma, tuma laki tatu mtoto ahamishiwe Ilboru, ni tapeli. Kata simu, itunze namba.

Sasa usaili wenyewe.

Kosa la kwanza hufanyika kabla mtoto hajashika penseli: vigezo havijaandikwa. Shule ina nafasi 120. Wasichana wangapi, wavulana wangapi? Wenye ndugu shuleni wanapewa uzito? Seminari inadai barua ya paroko? Hakuna ubaya wowote katika hayo yakitangazwa kwenye fomu, ile ile ambayo mzazi ameilipia. Ubaya ni kigezo kinachozaliwa baada ya alama kujulikana, kwa sababu hapo kinashonwa kwa kipimo cha mtoto fulani. Kama mwenye shule ameshika nafasi kumi za watu wake, aandike "kumi". Mimi naona asishike hata moja, lakini kumi zilizotangazwa ni afadhali kuliko tano za gizani, maana mzazi atajua anashindania 110.

La pili ni karatasi moja kutumika Jumamosi tatu. Shule inafanya usaili Agosti, Septemba na Oktoba kwa maswali yale yale ili kuokoa gharama ya kutunga. Watoto wa Agosti wanarudi nyumbani, wanaulizwa na mwalimu wa twisheni, na kufika Oktoba maswali yako kwenye daftari za nusu ya mji. Kila awamu inahitaji karatasi yake. Lakini karatasi mbili hazilingani ugumu, kwa hiyo alama 60 ya Agosti usiipambanishe na 60 ya Oktoba. Njia rahisi ni kugawa nafasi kwa uwiano wa waliofika: awamu ya kwanza ikileta watoto 300 na ya pili 100, nafasi 120 zigawanywe 90 na 30, kila kundi lishindane lenyewe. Haijakamilika, maana kundi moja linaweza kuwa na nguvu kuliko jingine, ila inazuia karatasi nyepesi kuamua hatima ya watu.

Mlangoni, mtoto atambuliwe kwa picha na namba yake ya PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi), ambayo shule yake ya msingi inayo. Kisha kila mtoto aandike mistari miwili kwa mwandiko wake, mbele ya msimamizi, juu ya kipande cha karatasi chenye jina lake. Vipande hivyo vinawekwa kwenye faili. Januari, siku ya kuripoti, mwandikishe tena mistari ile ile. Mamluki hakamatwi kwa kumkodolea macho, mwandiko ndio unaomuumbua.

Jina lisionekane kwenye karatasi ya majibu. Mtoto anaandika jina kwenye kipande cha juu, msimamizi anakikata, kipande na karatasi vinabaki na namba moja. Vipande anakaa navyo mtu asiyesahihisha: mhasibu, mjumbe wa bodi, mwakilishi wa wazazi. Bila hatua hii, mwalimu atalijua jina la mtoto wa diwani, na hata akiwa mwaminifu kabisa mkono wake utalegea kwenye nusu alama. Huo ni udhaifu wa binadamu yeyote, na dawa yake ni mkasi.

Kwenye kusahihisha, mwalimu mmoja achukue swali moja kwa karatasi zote badala ya karatasi nzima moja moja. Akiwa mkali, atakuwa mkali kwa wote. Kisha mtu wa pili ajumlishe upya, na afunue kila ukurasa, kwa sababu kosa linalorudia kila msimu ni ukurasa wa nyuma kurukwa. Kwenye mstari wa kukatia, alama moja ni kubwa mno. Anayeshika nafasi ya 120 ana 61, na nyuma yake wamejipanga watoto ishirini wenye 60 na 59. Jumla iliyokosewa kwa alama mbili imembadilishia mtoto shule. Kwa hiyo karatasi zote zilizo alama tatu juu na tatu chini ya mstari zisahihishwe tena na mtu mwingine. Ni kazi ya asubuhi moja.

Halafu kompyuta. Alama ziingizwe na watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anachapa, kisha wabadilishane na kurudia, maana 37 hugeuka 73 kirahisi sana. Orodha ichapwe kabla ya kupangwa, kila ukurasa usainiwe. Sababu ni hii: mtu akiteua safu ya alama peke yake kwenye Excel, akapuuza onyo na kuamuru ijipange kutoka juu kwenda chini, alama zinahama na majina yanabaki. Kila mtoto anajikuta na alama za mwenzake, na orodha inaonekana safi kabisa. Asiye na nakala ya kabla hatagundua kamwe.

Lakini palipoharibika zaidi ni orodha ya akiba. Usaili umeisha Novemba, majina 120 yamebandikwa. Desemba TAMISEMI inatangaza, na watoto kama kumi na tano kati ya wale 120 wanapangwa vipaji maalumu, ufundi au bweni nyingine. Hawaji tena. Nafasi kumi na tano zimefunguka katikati ya likizo, walimu wako kwao, bodi haikai, ofisini yupo mtu mmoja na simu. Hizo ndizo zinazouzwa. Haihitaji njama kubwa, inahitaji tu orodha ya akiba ambayo haikuwahi kubandikwa. Dawa: siku ile ile majina 120 yanapotoka, akiba nayo itoke, imepewa namba 1 mpaka 40, na alama za kila mmoja. Nafasi ikifunguka anaitwa namba 1, anapewa siku tano za kulipa, saa ya simu inaandikwa daftarini. Asipolipa, namba 2. Mzazi wa namba 7 akiona namba 23 yuko darasani Januari, ana hoja mkononi.

Yote haya yakifuatwa, bado usaili unaweza kuwa wa haki kwa utaratibu na usiwe wa haki kwa mtoto. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Za binafsi nyingi ni za mchepuo wa Kiingereza. Ukimpa mtoto wa Ukara swali la hesabu kwa Kiingereza akashindwa, hujajua kama ameshindwa hesabu au neno moja kwenye swali. Kweli sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na shule ina haki ya kupima lugha. Ila ipime lugha kwenye karatasi ya lugha, na hesabu na sayansi iziandike kwa lugha zote mbili, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Inaongeza kurasa mbili kwa kila mtoto.

Maswali ya kuchagua nayo yana mtego. Karatasi ya maswali 50, kila moja lina majibu manne: mtoto asiyejua lolote akibahatisha yote atapata 12 au 13 kwa wastani, na karibu mmoja kati ya sita atafikisha 16 au zaidi kwa bahati tupu. Shule inayotangaza "tumewachukua waliopata zaidi ya 15 kati ya 50" haijachuja kitu. Walau nusu ya alama zitoke kwenye maswali ya kuandika, mtoto aonyeshe njia.

Na umbali. Wa Sengerema tangu Juni 2025 wanapita Daraja la JP Magufuli, Kigongo hadi Busisi, hawakesheshwi tena na foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado ni meli kutoka Nansio, na wa Ukara anavuka kwanza mpaka Bugolora. Usaili wa saa mbili asubuhi Nyamagana maana yake mtoto huyo alale mjini na mzazi wake, nauli, chakula, gesti. Shule ikipeleka msimamizi mmoja na bahasha Nansio siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, gharama ni ya mtu mmoja badala ya familia thelathini.

Mahojiano ya ana kwa ana yasizidi sehemu ndogo ya alama, moja ya tano inatosha, maswali yawe yale yale kwa kila mtoto, na waulizaji wawili waandike alama kabla ya kuzungumza. "Baba anafanya kazi gani" lisiwepo.

Mlango wa nyuma ni vimemo na uhamisho. Mtoto aliyekosa Januari anaingia Aprili kwa barua ya uhamisho akitokea shule ambayo hakuwahi kukaa darasani. Uhamisho halali una barua ya mzazi, kibali cha mkuu wa shule anakotoka, uthibitisho wa nafasi anakokwenda, na saini ya ofisi ya elimu. Mkuu wa shule akipokea kimemo cha mkubwa, ajibu kwa maandishi kwamba nafasi hutolewa kwa orodha ya akiba, na nakala iende kwa bodi. Wengi wa wanaoandika vimemo hawataki jibu la maandishi.

Mambo haya yataumiza zaidi muda si mrefu. Darasa la tatu walioanza mtaala mpya Januari 2024, ambao shule ya msingi inaishia darasa la sita, watamaliza mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba. Madarasa mawili yatagonga milango ya kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Shule ambayo haijazoea kufanya kazi hii sawasawa kwa waombaji 400 haitaiweza kwa 800.

Kwa mzazi wa sasa: kabla ya kulipia fomu uliza nafasi ni ngapi, karatasi ni mpya kwa kila awamu au la, na akiba hubandikwa lini. Lipa benki kwa jina la shule, usilipe kwenye simu ya mtu. Risiti itunze. Ukiombwa "chai", fahamu kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa na anayepokea. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Na matokeo yakikutatiza, andika barua ndani ya wiki moja uombe kuoneshwa karatasi ya mwanao na jumla yake. Shule iliyojipanga huhifadhi karatasi zote mpaka mwisho wa Machi, na inahitaji dakika kumi tu kuitoa ya kwako.