Mama, nionyeshe meno

Jana mwanangu aliniuliza mbona bibi anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikamjibu kwa kifupi tu, lakini usiku usingizi haukuja.

Ilikuwa Aprili 2020, mwezi mmoja hivi tangu Shirika la Afya Duniani litangaze kuwa korona ni janga la dunia nzima. Mama aliamka mzima, tukasalimiana. Muda si mrefu maneno yakaanza kumtoka kama ya mlevi, na mkono wa kulia ukalegea. Nikasema twende hospitali. Akatikisa kichwa kwa nguvu kukataa. Kaka naye kwenye simu akasema, "Subirini kwanza. Ugonjwa wenyewe uko huko huko, na Mama ana presha." Simlaumu. Kila tangazo lilisema tubaki nyumbani, na tulishajua kwamba korona haiwahurumii wazee wenye presha.

Nikapiga simu hospitali. Muuguzi aliyepokea aliuliza harakaharaka: ana homa? Anakohoa? Kuna mgonjwa wa korona hapo nyumbani? Halafu akauliza mara mbili, mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Akanikataza kumpa chakula wala maji, yasije yakampalia. Akasema nibebe dawa zake, sote tuvae barakoa, asindikizwe na mtu mmoja tu, na vioo vya gari viwe wazi. "Dada, msingoje. Njooni sasa hivi."

Getini tulinawa, tukapimwa joto. Wanaokohoa walielekezwa upande wao, sisi wetu. Kisha akaja muuguzi aliyejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni, jina lake limeandikwa kwa kalamu kwenye plasta aliyoibandika kifuani ili wagonjwa wajue wanaongea na nani. Akainama mbele ya kiti cha Mama.

"Mama, nakushusha barakoa kidogo tu. Nionyeshe meno."

Akaivuta hadi kidevuni. Mama akajitahidi kutabasamu. Upande wa kushoto ulipanda, wa kulia ukabaki ulivyo, na mate yakamchuruzika pembeni ya mdomo. Sikuwa nimeuona uso ule tangu nilipomvika barakoa, na ulikuwa umezidi kupinda. Muuguzi hakurudi nyuma. Alimfuta mate kwa kitambaa cha karatasi, akakitupa, akampandishia barakoa taratibu hadi juu ya pua, akatakasa mikono, ndipo akaita kwa sauti, "Kiharusi!" Watu wakaja mbio.

Mengine yalikwenda haraka. Picha ya ubongo ilionyesha hakuna damu iliyovuja. Akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Wodini hatukuruhusiwa kuingia, tulizungumza naye kwa simu. Alirudi nyumbani anatembea, na korona hakuipata. Mkono wa kulia ndio haukurudi sawasawa.

Msimu uleule jirani yetu alibanwa na kifua. Wakaamua kusubiri, kwa hofu ileile ya kaka yangu, na hakufika hospitali. Hadi leo nina hasira na yale matangazo. Tuliambiwa tubaki nyumbani, na ni sawa, lakini ni nani aliyetuambia kwa sauti ileile kwamba kifua kikibana au mdomo ukienda upande, toka, piga simu, nenda? Mama anasema siku ya jirani ilikuwa imefika. Mimi sikubali, na tumeshabishana sana kuhusu hilo.